GITAA LA MASHOTO NA MAQAMU ZA PWANI

Somo la muziki, na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mlezi wa chama alituomba mwaka huu kila mmoja aandike juu ya jambo analolijua kwa mikono yake, si lile alilolinakili kitabuni. Basi nami nimechagua gitaa, maana nimelijua kwa mikono yote miwili, na hasa huu wa kushoto ulioniletea taabu.

Mimi ni mtu wa mashoto. Naandika kwa kushoto, nashika kisu kwa kushoto, hata ufagio nauanzia kushoto. Kula nala kwa kulia kama bibi alivyonifunza, na hilo sina ugomvi nalo, kwani adabu ya sinia ni ya watu wote. Ugomvi ulianza siku niliposhika gitaa.

Katika somo hili nitaeleza mambo matatu: namna ya kuligeuza gitaa la kulia liwe la kushoto, namna ya kulegeza nyuzi ili zikaribie mlio wa udi, na namna ya kujifunza maqamu, yaani ngazi za sauti wanazotumia wapigaji wa taarabu. Hata wewe usiyepiga chombo chochote, usiruke ukurasa. Kuna Kiswahili ndani yake pia.

MANENO KWANZA

Sisi ni wanachama wa Kiswahili, kwa hiyo tuanze na maneno. "Mkono wa kulia" ni mkono wa kulia chakula. Jina lake jingine ni mkono wa kuume, yaani wa kiume. Na wa kushoto wazee wauita mkono wa kike. Niliposikia hivyo nilicheka sana. Nikasema, mie ni msichana, basi nikitumia mkono wa kike kosa langu liko wapi?

Neno "udi" nalo lina mambo. Kuna udi wa kufukiza na udi wa kupiga, na yote mawili yatoka kwa neno moja la Kiarabu lenye maana ya mti au ubao. Kijiti cha kupigia huitwa risha, na risha kwa Kiarabu ni unyoya, kwa kuwa zamani udi ulipigwa kwa unyoya wa ndege mkubwa. Siku hizi risha nyingi ni za plastiki.

Ama "maqamu", msomaji, usiichanganye na "makamu" wa mwenyekiti. Ukweli ni kwamba maneno haya ni ndugu, maana yote yatokana na neno la Kiarabu la mahali au cheo anaposimama mtu. Maqamu ni mahali wimbo unaposimama. Kila maqamu ina noti zake, na imejengwa kwa vipande vidogo vya noti tatu, nne au tano. Kipande hicho huitwa jinsi, neno lile lile tulitumialo tukisema "jinsi ya kupika".

MKONO AU NYUZI?

Likizo moja nilianza kufunzwa gitaa na mtu mmoja anayefunza watoto kwa malipo. Siku ya kwanza akaniambia, "Geuza mkono. Hakuna gitaa la kushoto hapa." Nikageuza. Kwa wiki tano nilipiga kwa mkono wa kulia. Vidole vyangu vya kushoto vilijua kubonyeza nyuzi, hilo sikatai. Lakini mkono wa kulia uliotakiwa kupiga mapigo ulikuwa kama mgeni aliyepotea njia. Nikipiga polepole, sawa. Mwendo ukichanganya, mapigo yanatawanyika kama mbuzi sokoni. Mwisho nikaliweka gitaa uvunguni, nikajisemea kwamba muziki si wangu.

Ami yangu ndiye aliyelitoa uvunguni. Yeye alipiga gitaa la besi harusini miaka mingi. Nikamwuliza, "Ami, nifanyeje? Huu mkono haukubali."

Akajibu, "Mkono umezaliwa nao. Nyuzi zimenunuliwa. Kipi rahisi kubadilisha?"

Nisije nikadanganya mtu: wako watu wa mashoto waliojifunza kwa mkono wa kulia wakaweza vizuri kabisa, maana kwenye gitaa mikono yote miwili ina kazi. Kama wewe wajiona unaweza, jaribu mwezi mmoja, utapata faida ya kuazima gitaa la mtu yeyote. Lakini ukiona mapigo hayakai, usijilaumu wala usiache. Wakubwa wa gitaa wamepitia njia tofauti. Jimi Hendrix wa Marekani (1942–1970) alichukua gitaa la kulia, akalipindua na kupanga nyuzi upya ili uzi mnene uwe juu. Elizabeth Cotten, naye wa Marekani (1893–1987), alilipindua tu bila kupanga nyuzi, kwa hiyo uzi mwembamba ulikuwa juu na ule mnene chini. Kidole gumba kikapiga wimbo, na vidole vingine vikapiga besi. Mtindo huo ulipewa jina lake. Hakuna aliyemwambia Bi Cotten ageuze mkono akakubali!

KULIGEUZA GITAA

Ukitaka kufuata njia ya Hendrix, chagua gitaa la nyuzi za nailoni. Kwenye magitaa mengi ya aina hii, ule mfupa wa daraja unaoshikilia nyuzi umekaa wima, hauegemei upande mmoja, kwa hiyo ukigeuza nyuzi mlio hauharibiki sana. Magitaa ya nyuzi za chuma, mfupa wake huwa umelala mshazari kwa ajili ya mtu wa kulia. Ukiligeuza la namna hiyo, noti za juu hazitakuwa sawasawa mpaka fundi alitengeneze.

1. Legeza nyuzi zote kidogo kidogo, usizikate kwa ghafla. Shingo ilizoea kuvutwa.
2. Toa kile kipande cheupe kilicho kwenye kichwa cha shingo, chenye mifereji sita ya kupitishia nyuzi. Mifereji ya nyuzi nene ni mipana, ya nyembamba ni myembamba. Kigeuze upande, ukiweza. Ami alikibandua kwa kisu chembamba akakirudisha kwa tone moja tu la gundi.
3. Weka nyuzi upya. Ukilishika gitaa kwa kushoto, uzi wa 6 ulio mnene uwe juu karibu na uso wako, na uzi wa 1 ulio mwembamba uwe chini.

Basi. Kazi ya wiki tano za machozi ilimalizika kwa alasiri moja.

KULEGEZA NYUZI: DO, SO, DO, FA, SO, DO

Kwa kawaida nyuzi za gitaa, kuanzia ule mnene, hulia E, A, D, G, B, E. Lakini hiyo si sheria iliyoshuka kutoka mbinguni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwingereza mmoja, Davey Graham (1940–2008), alisafiri hadi Moroko, akasikia udi, akataka gitaa lake liweze kwenda nao. Akalegeza nyuzi tatu, ikawa D, A, D, G, A, D. Wapiga gitaa wengi wa Ulaya wakaufuata mpango huo. Nilifurahi kujua kwamba sikuwa wa kwanza kutaka gitaa lizungumze na udi.

Ukiihesabu D kuwa ni do, nyuzi zako zitalia: do, so, do, fa, so, do. Fanya hivi:

- Uzi wa 6: legeza mpaka uwe sawa na uzi wa 4, lakini kwa sauti nzito zaidi, yaani oktava moja chini.
- Uzi wa 2: legeza mpaka uwe oktava moja juu ya uzi wa 5.
- Uzi wa 1: legeza mpaka uwe oktava moja juu ya uzi wa 4.

Nyuzi za 5, 4 na 3 usiziguse. Hakuna uzi unaokazwa zaidi ya kawaida, kwa hiyo usiogope kukatikiwa. Kuhakikisha, bonyeza uzi wa 4 kwenye freti ya 12. (Freti ni vile vyuma vilivyokata shingo.) Sauti yake iwe ile ile ya uzi wa 1 ulio wazi.

HESABU YA HATUA

Hapa ndipo penye kiini cha somo langu. Picha za skeli vitabuni zimechorwa kwa ajili ya mtu wa kulia, tena kwa nyuzi za kawaida. Mie nina mkono mwingine na nyuzi nyingine. Kila picha ilikuwa uongo kwangu mara mbili! Nilijaribu kuzisoma kwa kioo, kichwa kikaniuma.

Siku moja katika somo la hesabu nikatambua kwamba nambari haina kushoto wala kulia. Skeli si umbo la vidole. Skeli ni hesabu ya hatua kutoka noti moja hadi nyingine. Tuseme freti moja ni hatua moja. Kutoka do hadi do ya juu ni hatua 12. Maqamu zinatofautiana kwa namna zinavyozigawa hatua hizo 12. Ukiijua hesabu, mkono wowote na mpango wowote wa nyuzi utakutii.

Maqamu nne za kuanzia ni hizi:

Ajamu: 2 2 1 2 2 2 1
Nahawandi: 2 1 2 2 1 2 2
Kurdi: 1 2 2 2 1 2 2
Hijazi: 1 3 1 2 1 2 2

Jumlisha kila mstari, utapata 12. Wanaosoma muziki wa Kizungu watatambua kwamba Ajamu ni ngazi yao ya Ayoniani, Nahawandi ni Eoliani, na Kurdi ni Frijiani. Hijazi haimo katika zile ngazi zao saba, kwa sababu ya ule mruko wa hatua 3. Mruko huo ndio unaomfanya mtu wa Mombasa ageuze shingo, maana huusikia katika nyimbo na mara nyingi katika adhana.

Sasa tuzipige kwa nyuzi zetu zilizolegezwa. Sifuri ni uzi ulio wazi, bila kubonyezwa.

Ajamu: uzi wa 4: 0, 2, 4, uzi wa 3: 0, uzi wa 2: 0, 2, 4, uzi wa 1: 0.
Nahawandi: uzi wa 4: 0, 2, 3, uzi wa 3: 0, uzi wa 2: 0, 1, 3, uzi wa 1: 0.
Kurdi: uzi wa 4: 0, 1, 3, uzi wa 3: 0, uzi wa 2: 0, 1, 3, uzi wa 1: 0.
Hijazi: uzi wa 4: 0, 1, 4, uzi wa 3: 0, uzi wa 2: 0, 1, 3, uzi wa 1: 0.

Tazama uzuri wake. Uzi wa 3 na wa 1 havibadiliki kamwe. Ukitoka Kurdi kwenda Hijazi, unasogeza kidole kimoja tu, kutoka freti ya 3 hadi ya 4, na dunia yote inageuka. Huku unapiga, acha nyuzi za 6 na 5 zivume chini kama bahari usiku. Zitakukumbusha nyumbani ni wapi.

NOTI ILIYOKOSEKANA

Nikadhani nimefuzu. Chama kilipoandaa alasiri ya mashairi, nikaombwa nimfuatishe mghani kwa gitaa, nami nikatangaza kwa kiburi kwamba nitapiga Bayati. Miongoni mwa wageni alikuwako mzee mmoja wa Mji wa Kale apigaye udi. Nilipomaliza watu walipiga makofi. Yeye akaningoja mlangoni.

"Mwanangu, ulisema wapiga nini?"

"Bayati, mzee."

"Hiyo ilikuwa Kurdi. Bayati yako i wapi?"

Nikajitetea kwamba gitaa halina noti ile. Akatabasamu, akasema, "Gitaa halina. Na sikio lako je, nalo halina?"

Niliona haya. Lakini alikuwa kweli. Bayati inahesabiwa 1½ 1½ 2 2 1 2 2. Noti yake ya pili imekaa kati ya freti ya 1 na ya 2, mahali ambapo gitaa lina ubao mtupu. Rasti nayo ni 2 1½ 1½ 2 2 1½ 1½. Udi hauna freti hata moja, kwa hiyo kidole chaenda popote sikio linapotaka. Kanuni, chombo kile cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, kina vijichuma vya kuinua na kushusha kila sauti kidogo. Gitaa limefungwa na freti zake.

Jambo hili si dogo, msomaji. Mwaka 1932 wataalamu walikutana Cairo katika kongamano la muziki wa Kiarabu, na suala mojawapo lilikuwa hili hili: je, oktava igawanywe robo toni 24 zilizo sawa? Na Cairo haiko mbali na sisi kama unavyodhani. Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim huko Misri akajifunze muziki. Mwaka 1905 Unguja kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa. Mwaka 1928 Siti binti Saad akaenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri. Hapa Mombasa udi ulipata bingwa wake katika marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu. Kwa hiyo noti niliyoiruka ilikuwa na wenyewe.

MSHIPI WA KUVULIA

Nilimweleza ami. Akaniuliza, "Huko shuleni hamfunzwi fizikia?" Basi tukapima. Uzi wa gitaa langu, kutoka kichwani hadi darajani, una urefu wa mm 650. Kanuni ya mafundi ni kuugawa urefu kwa 17.817, na jibu ndilo umbali wa freti ya 1. Ukitaka freti ya 2, gawa urefu uliobaki kwa nambari ile ile, ujumlishe.

Freti ya 1: mm 36.5
Noti ya Bayati (hatua 1½): karibu mm 54
Freti ya 2: mm 70.9

Ami akakata kipande kifupi cha mshipi mnene wa kuvulia samaki, unene wake sawa na kimo cha freti, akakibandika chini ya uzi wa 4 peke yake, kwenye alama ya mm 54. Freti za kufungwa kwa uzi si ajabu. Chombo cha Waturuki kiitwacho saz kina freti za nailoni zilizofungwa shingoni, na zaweza kusogezwa. Mimi yangu ni moja, ya samaki.

Sasa Bayati ni hii: uzi wa 4: 0, mshipi, 3, uzi wa 3: 0, uzi wa 2: 0, 1, 3, uzi wa 1: 0. Ukitaka kurudi Hijazi, bandua mshipi ili usikwaruze uzi.

Jumamosi moja nikalibeba gitaa begani, nikashika Barabara ya Nkrumah hadi Mji wa Kale. Yule mzee alikuwa barazani. Nikapiga noti nne tu: do, ya mshipi, ya tatu, fa. Akafumba macho. Akachukua udi wake, akapiga noti ile ile, na yake ilikuwa chini ya yangu kwa unywele mmoja. Akarudia, mara hii ikawa juu kidogo.

"Ipi ndiyo sawa?" nikauliza.

"Zote. Ikipanda wimbo, nayo yapanda. Ikishuka, yashuka. Mshipi wako wakuonyesha mtaa. Nyumba utaitafuta kwa sikio." Halafu akautazama mkono wangu wa kushoto ulioshika risha, akaongeza, "Kaa upande huu, tusigongane viwiko."

Hakusema neno jingine kuhusu mkono wangu. Tulipiga hadi adhana ya alasiri.

MAZOEZI

1. Ngazi ya Doriani ina hatua 2 1 2 2 2 1 2. Andika nambari za freti kwa nyuzi za 4, 3, 2 na 1 katika mpango wa do, so, do, fa, so, do.
2. Rasti ina noti kwenye hatua ya 3½ kutoka uzi ulio wazi. Kama freti ya 3 iko mm 103.4 na ya 4 iko mm 134.1, mshipi utaubandika karibu na wapi?
3. Imba Kurdi, kisha Bayati, bila chombo. Mwenzio akuambie kama amesikia tofauti. Hili ndilo gumu kuliko yote.

Majibu: (1) Uzi wa 4: 0, 2, 3, uzi wa 3: 0, uzi wa 2: 0, 2, 3, uzi wa 1: 0. (2) Karibu mm 119. (3) Jibu unalo mwenyewe.

Kwa ndugu zangu wa mashoto mlioko madarasa ya chini yangu: najua kuna gitaa limelala uvunguni kwa mmoja wenu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Litoe, geuza nyuzi, hesabu hatua. Mkiniona uwanjani wakati wa mapumziko, niulizeni. Mshipi ninao wa kutosha.